Bosi ameniandikia "heads-up": je, nimepewa onyo?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhasibu msaidizi katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, Dar es Salaam. Jumatatu jioni meneja wangu, ambaye yuko Nairobi, alinitumia ujumbe wa WhatsApp: 'Just a heads-up, the auditors will be at your office on Thursday. They will ask for the petty cash vouchers.' Fedha za matumizi madogo ninazitunza mimi peke yangu. Niliposoma, moyo ulinienda mbio. Nikaona nimeonywa kwa maandishi, tena kwa kutuhumiwa. Nikamjibu usiku uleule kwamba sijawahi kula hata shilingi ya ofisi, na kama ana ushahidi aulete. Hajajibu mpaka leo Jumanne. Kamusi niliyonayo inasema heads-up ni warning, na warning nijuavyo mimi ni onyo. Ofisini kila mtu ana lake: mmoja anasema ni neno la polisi, limetokana na 'hands up', mwingine anasema ni kichwa cha sarafu, wa tatu anasema maana yake ni 'jipe moyo'. Naomba unieleze neno hili lina maana gani hasa, limetoka wapi, na kwa Kiswahili tuliiteje. Na je, nimeshaharibu kazi?"

Marahaba, dada yangu. Nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Hukuonywa. Kwa maneno uliyoyanukuu hapo juu, meneja wako amekushtua mapema, basi. Amekuambia wageni, yaani wakaguzi wa hesabu, wanakuja, siku gani wanakuja, na faili lipi wataliomba. Kazi hujaiharibu, ila kuna ujumbe mmoja unapaswa kumwandikia leo, na nitakusaidia kuuandika kabla sijamaliza.

Nimefanya kazi ya kutafsiri na kuhariri tafsiri kwa miaka mingi, na neno hili dogo limeniletea watu wengi wenye uso kama wako wa Jumatatu usiku. Kosa si lao peke yao. Kamusi nyingi za Kiingereza hufafanua heads-up kwa neno warning, na mtu akishafika hapo anafungua kamusi ya pili, anakutana na "onyo", anafunga kitabu. Kila hatua ni sahihi, lakini mahali alipofikia sipo.

Tatizo ni kwamba warning ya Kiingereza ni jumba lenye vyumba vingi. Mvua kubwa ikitabiriwa, hiyo ni warning. Maandishi kwenye chupa ya dawa ya panya, nayo warning. Barua ya mwajiri kwa mtu aliyechelewa kazini mara tatu, warning pia. Kiswahili hakikubali kuvitia vyote hivyo ndani ya neno moja. Sisi tuna onyo, tuna tahadhari, tuna angalizo, tuna ilani, tuna karipio, na kila moja lina mahali pake. Sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania wanavyotangaza mvua au upepo mkali: wana "angalizo", wanapanda hadi "tahadhari", kisha "tahadhari kubwa". Hawasemi wanakuonya. Na wewe ukisikia redioni kwamba kuna angalizo la upepo mkali Pwani na Tanga, huwezi kusema umetuhumiwa kuuleta huo upepo.

Onyo ni jambo jingine. Ukisema "nimeonywa", anayekusikiliza anaelewa papo hapo kwamba kuna kosa lililotendeka au linalokaribia kutendeka, na mwenye mamlaka amekuita akakukalisha. Ndiyo maana moyo ulikwenda mbio. Ulikuwa umesoma Kiingereza cha meneja kwa uzito wa Kiswahili.

Hapa kuna jambo ambalo huwa nalipenda sana, na naomba univumilie nikae nalo kidogo. Neno onya lenyewe limezaliwa na ona. Ni ule mnyambuliko wetu wa zamani wa kusababisha: pona ikazaa ponya, kana ikazaa kanya, ona ikazaa onya. Kumwonya mtu, kwa asili, ni kumfanya aone. Mzee aliyemwonya kijana kuhusu shimo njiani alikuwa anamwonesha shimo. Baadaye maisha ya shule, ofisi na mahakama yakalipa neno hilo kiboko mkononi, na leo hatulisikii tena bila kiboko chake. Sasa utaona heads-up nayo asili yake ni hiyohiyo ya kumfanya mtu aone. Ni maneno mawili yaliyoanzia kwenye jicho. La kwetu likaenda kukaa kwa hakimu, la Waingereza na Wamarekani likabaki barabarani na viwanjani.

Tuje basi huko viwanjani.

Heads up lilianza kama ukelele, na kama ukelele bado linaishi hadi leo. Maana yake ya juujuu ni "vichwa juu". Limekaa kwenye wingi kwa sababu anayepiga kelele hana nafasi ya kuchagua kichwa kimoja. Anawaambia wote waliopo. Halina kitenzi kwa sababu ukelele hauna muda wa kitenzi, kama sisi tunavyosema "Pembeni!" au "Nyuma!" na kila mtu akaelewa afanye nini.

Mahali lilipozoeleka sana ni Marekani, kwenye mchezo wa besiboli. Mpira wake ni mgumu, una uzito wa gramu kama 145, na mpigaji akiukosea kidogo tu na rungu lake, unachomoka kombo na kuruka moja kwa moja walipo watazamaji. Huku mtu ameinamia karanga zake, au anamfunga mtoto kamba za kiatu, au siku hizi anaangalia simu. Aliyeuona mpira kwanza anapiga kelele: Heads up! Hatari yenyewe si ya kubuni. Kuanzia msimu wa 2018, timu zote 30 za ligi kuu ya Marekani zilikuwa zimerefusha nyavu za kuwakinga watazamaji, kwa sababu kelele peke yake zilikuwa haziwahi.

Sasa tazama jambo linalowachanganya hata wenye lugha yao. Kitu kinakuja kichwani mwako, kwa nini uambiwe uinue kichwa? Akili ya kawaida inasema kiiname. Fundi wetu aliye juu ya jukwaa la mbao, ubao ukimponyoka, atapiga kelele "Chunga kichwa!", na aliye chini atajikunyata. Mwingereza naye kwenye mlango mfupi huandika "Mind your head". Lakini heads up haikuambii ujikinge. Inakuambia uinue macho uone kinachokuja, halafu uamue mwenyewe. Kwenye besiboli kuna anayeinama, kuna anayesogea, na kuna aliyekuja na glavu yake kutoka nyumbani anayesimama na kuudaka mpira, akarudi nao kama zawadi. Aliyepiga kelele hakumchagulia yeyote.

Naomba ulishike hilo, maana ndilo lililobaki ndani ya neno hata lilipohamia maofisini. Heads-up inakupa habari na muda. Haikupi amri, wala haikupi hukumu.

Safari ya kutoka uwanjani hadi kwenye simu yako ilipita kituo kimoja cha katikati. Katika miaka ya kati ya vita viwili vya dunia, waandishi wa michezo wa Marekani walikuwa wakilitumia neno hili kumsifu mchezaji. Walimaanisha mchezaji aliye macho, anayeona nafasi kabla wengine hawajaiona. Wewe kama unatazama kandanda utaelewa upesi. Kocha wa watoto pale uwanjani humwambia anayeutazama mpira miguuni, "Inua kichwa!" Hataki ashangilie. Anataka aone pasi iko wapi. Mchezo wa namna hiyo, Wamarekani wakauita mchezo wa heads-up. Kelele ikawa sifa.

Kisha sifa ikawa jina. Kufikia miaka ya 1980 Wamarekani walikuwa wameshazoea kusema "give me a heads-up", yaani nipe habari mapema ili nisikutwe sina habari. Hapo likapata kistari katikati na likaanza kuhesabika. Barua pepe zilipoenea ofisini, neno likapata makao ya kudumu kwenye mstari wa kwanza wa ujumbe, na kutoka Marekani likasambaa Uingereza, likaingia Nairobi, Kampala na Dar es Salaam pamoja na Kiingereza cha mikutano na taarifa za miradi.

Limekwishaingia hata kwenye Kiswahili cha mazungumzo. Nasikia vijana wa ofisini wakisema "ungenipa heads-up" na "heads-up yako nimeipata". Angalia ngeli: yako, nimeipata. Wameiweka I-ZI pamoja na simu, ofisi na kompyuta bila kufundishwa na mtu. Mimi sioni ubaya mtu akisema hivyo akiwa na wenzake. Ubaya unaanza pale inapobidi tangazo lisomwe na watu ambao hawajawahi kulisikia.

Sasa wenzako watatu.

Yule wa polisi amechanganya maneno mawili yanayofanana kwa sikio tu. "Hands up" ni mikono juu, amri ya kujisalimisha. Mwenye kuisema ana silaha au ana mamlaka. Hakuna uhusiano wowote wa kizazi na heads-up. Lakini namwelewa, maana ni hilo ndilo lililokuingia wewe moyoni: ulihisi mikono imepandishwa.

Wa sarafu ana hadithi nzuri zaidi. Ni kweli upande wa sarafu wenye kichwa huitwa heads, na sisi wa zamani tunaikumbuka shilingi moja yenye kichwa cha Mwalimu Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili, tuliyoirusha kuamua timu ipi ianze. Ila neno letu halikutoka huko. Kwenye sarafu ni kichwa kilichochorwa. Kwenye heads-up ni kichwa chako wewe.

Huyu wa "jipe moyo" ndiye aliyekaribia. Kiingereza kina usemi wa kumtia mtu moyo kwa kumwambia aweke kichwa juu, au kidevu juu, asiinamishe uso kwa huzuni. Kutembea na kichwa juu ni alama ya ujasiri huko, kama kwetu kutembea kifua mbele. Lakini hizo ni "keep your head up" na "chin up". Mtu mmoja, kichwa kimoja. Ukiona "a heads-up", yenye "a" mwanzoni na "s" katikati, si faraja, ni habari.

Utakutana pia na heads-up kwenye mchezo wa karata wa poka, wanapobaki wachezaji wawili tu mezani, na kuna kile kioo cha rubani kinachomwonesha mwendo na kimo bila yeye kuinamia saa zake, ambacho kilianza kwenye ndege za kivita za Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950 na sasa kimefika kwenye magari. Hicho huitwa head-up, bila "s". Hayo yapite tu. Na mtu akikuandikia "head's up" yenye alama ya ritifaa, amekosea tahajia, hana maana nyingine.

Umeniuliza kwa Kiswahili tuiteje, na hapo ndipo ninapotaka nikae zaidi, kwa sababu watu wengi hudhani lugha yetu haikuwahi kuwa na kitu cha namna hii. Ilikuwa nacho, na kilizaliwa vilevile, kwenye kelele za njiani.

Nenda Lamu, kwenye vichochoro ambamo punda mwenye mzigo na mtu mmoja hawapishani bila mmoja kujibana ukutani. Au Mji Mkongwe, Unguja, kwa mchukuzi mwenye gunia begani asiyeona pembeni. Ukelele wa zamani wa mahali kama hapo ni "Simile!", na maana yake ni pisheni njia. Wenye kufuatilia asili ya maneno wanauona kuwa ni bismillahi iliyofupishwa na haraka ya kazi. Mchukuzi alianza kwa jina la Mungu akaishia kwa kufungua njia.

Cha pili ni "Habedari!" Hiki nakipenda kuliko vyote. Wachukuzi na mabaharia wa pwani walikitumia kumwambia mtu ajihadhari, na kamusi zetu bado zinacho. Kimetoka kwa Waajemi na Wahindi, ambao husema khabardar. Likate katikati: khabar ni habari, hii hii yetu iliyotoka kwa Waarabu, dar ni mwenye kuwa nayo. Mwenye habari. Yaani mtu anayepiga kelele "Habedari!" anasema: uwe na habari, kuna kitu kinakuja. Ukiitazama vizuri, dada yangu, hiyo ni heads-up iliyokuwa inapigwa kwenye majahazi yetu tangu zamani. Nayo ilikupa habari, haikukutuhumu.

Kelele kuzaa maneno ni jambo la kila mahali. Edinburgh, Uskoti, karne ya 18, watu walikuwa wakimwaga maji machafu barabarani kupitia madirishani, na kabla ya kumwaga walipiga kelele "Gardyloo!", Kifaransa kilichokwenda kombo chenye maana ya chunga maji. Aliyepita chini alikuwa na sekunde chache za kuamua ukuta upi ajibanze.

Lakini sikushauri umwandikie meneja "habedari". Tunataka neno la leo. Nitakupa yaliyopo na nikuambie ninavyoyaona.

"Kutonya" linasikika sana mtaani: amenitonya kwamba askari wa barabarani wako mbele. Ni tamu, lakini lina siri ndani yake. Anayekutonya hataki ijulikane kwamba ni yeye, na Kiingereza chake ni tip-off. Ukimwambia meneja "asante kwa kunitonya ujio wa wakaguzi", umemfanya aonekane amevujisha jambo.

"Kudokeza" ni la heshima zaidi, ila mwenye kudokeza husema nusu akaacha nusu. Ujumbe wako haukuacha nusu. Ulitaja siku na faili.

"Kwa taarifa yako" ndiyo mtego mkubwa. Kwenye barua za kiserikali ni maneno ya kawaida kabisa. Kwenye mazungumzo yamegeuka kuwa maneno ya ugomvi: "Kwa taarifa yako, mimi si mtoto mdogo." Niliwahi kuletewa tafsiri ya tangazo la ofisi moja, lililohusu kukatwa maji Jumamosi ili bomba litengenezwe. Kiingereza kilianza na "Just a heads-up". Mfasiri wa kwanza alikuwa ameandika "Onyo". Akaambiwa abadilishe, akaandika "Kwa taarifa yenu, maji yatakatwa". Nakumbuka mama mmoja mfanya usafi alivyosimama mbele ya karatasi ile ubaoni, akaisoma mara mbili, akauliza ni nani aliyewakosea hao waliobandika. Tulipoandika "Tunawafahamisha mapema: Jumamosi maji yatakatwa kuanzia saa 2 asubuhi, tafadhali wekeni akiba", hakuna aliyeuliza kitu.

Kwa hiyo mimi, kwa maandishi ya ofisi, nachagua "nakufahamisha mapema" au "nakupa taarifa mapema". Hilo "mapema" ndilo linalobeba mzigo. Ukiliondoa umebakiwa na taarifa tu. Pakiwa na hatari, weka "angalizo". Na kwa mazungumzo, Kiswahili cha Dar kina neno ambalo naona limekaa pale pale: kushtua. "Ukisikia wamefika, nishtue." "Nimekushtua tu, usije ukakutwa." Aliyeshtuliwa ameinua kichwa. Kenya utasikia zaidi "nimekujuza" au "nijulishe mapema", nayo ni mazuri. Lugha haihitaji neno moja tu kwa kila mahali.

Turudi kwenye simu yako. Usome tena ule ujumbe bila kamusi. Neno la kwanza ni "Just". Kazi yake pale ni kupunguza uzito, kama sisi tunavyotia "tu": nimekushtua tu. Mtendaji katika sentensi ya kwanza ni wakaguzi, na katika ya pili ni wakaguzi haohao. Wewe hujatajwa kama mtu aliyefanya lolote. Na kuna ushahidi mwingine ambao wewe mhasibu unaujua kuliko mimi: fedha za matumizi madogo ndizo hukaguliwa kwa kushtukiza. Mkaguzi anayemshuku mtunza fedha hamwambii Jumatatu kwamba atakuja Alhamisi. Anaingia asubuhi bila hodi, anaomba ufunguo wa kisanduku, anahesabu mbele yako. Meneja anayekushuku angenyamaza. Huyu wako amekupa siku mbili nzima za kupanga vocha zako, kutafuta risiti iliyopotea, na kusainisha ile iliyokosa saini. Hiyo si kazi ya mtu anayekutega.

Nisikudanganye hata hivyo. Kuna mabosi wanaoficha onyo ndani ya neno hili kwa sababu ni laini. "Just a heads-up, people are noticing that you come late", yaani nakushtua tu, watu wanaona kwamba unachelewa. Hapo wakaguzi hawapo, mvua haipo, kinachokuja ni matokeo ya tabia yako, na neno limevalishwa tu shuka. Mimi hupima kwa kuuliza: je, kitu kinachotajwa kinatoka nje, au kinatoka kwangu? Kikitoka nje, ni habari. Kikitoka kwangu, ninasogea karibu nisikilize vizuri, bila kupigana, na ninauliza waziwazi: "Je, hili ni jambo unalotaka nilirekebishe?" Watu wengi wakiulizwa hivyo husema ukweli. Ujumbe wako wewe ni wa aina ya kwanza bila shaka.

Na hata huo wa aina ya pili bado si onyo la kikazi. Kwa Tanzania Bara, onyo ni hatua ya kinidhamu yenye utaratibu, na utaratibu huo umo katika Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42. Onyo linataja kosa. Ujumbe wa WhatsApp unaosema wageni wanakuja hautaji kosa lolote.

Sasa huyo meneja ambaye hajajibu. Jiweke mahali pake. Alikufanyia hisani saa za jioni, akarudishiwa maneno ya mtu aliyefikishwa mahakamani. Pengine ameshangaa, pengine ameanza kujiuliza kwa nini umejitetea kabla ya kutuhumiwa. Hilo la pili ndilo linalonifanya nikuhimize uandike leo, kabla ya wakaguzi kufika. Usiandike maelezo marefu, na usiombe radhi mara tano. Kama mnaandikiana kwa Kiingereza, haya yanatosha: "I misread your message last night and I apologise for my reply. Thank you for the heads-up. The vouchers will be ready for the auditors on Thursday morning." Kama anasoma Kiswahili, na wengi wa Nairobi wanasoma, basi: "Samahani kwa jibu langu la jana, niliusoma ujumbe wako vibaya. Asante kwa kunifahamisha mapema. Vocha zitakuwa tayari Alhamisi asubuhi." Kisha mpigie simu kesho, umsalimie, umuulize wakaguzi wanataka kuanzia mwezi gani. Sauti ya mtu hurekebisha mengi ambayo maandishi huyavuruga.

Nilichokueleza kinahusu lugha. Yakitokea mengine, usitegemee jibu la mwalimu wa lugha. Ukiletewa barua yenye maneno "written warning", "final warning", "show cause" au "disciplinary hearing", hizo hazina utani ndani yake wala hazina tafsiri mbili. "Show cause" ni kutakiwa ujieleze kwa maandishi, na huwa ina tarehe ya mwisho. Usiijibu usiku ukiwa na hasira. Chukua barua yenyewe, nenda nayo kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kama kipo kazini kwenu, au kwa afisa kazi, ana kwa ana, aisome kabla hujaandika neno. Na ikitokea mtu ameachishwa kazi na anaona ameonewa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea mgogoro huo ndani ya siku 30. Watu wengi huzipoteza siku hizo wakisubiri bosi apoe.

Kwa leo Jumanne, mambo hayo hayakuhusu. Toa faili la vocha, lipange kwa tarehe, na zile risiti za mafuta na za chai ambazo maandishi yake hufutika upesi, zitolee nakala kabla ya Alhamisi.